Siku Laini ya Saba Ilipozimwa

Mtaani wananiita Cheche, na msidhani ni kwa sababu ya kuchomelea tu. Ni mdomo. Mtu akianzisha habari za umeme mbele yangu, basi siku hiyo kazi imelala. Naipandisha miwani juu ya paji la uso, naanza. Naanza na bwawa lililojaa tope kwa kuwa hakuna aliyejali miti kule mto unakotoka. Napita kwenye kampuni za mitambo ya mafuta, zinazolipwa hata mitambo ikiwa imelala usingizi. Halafu nafika pale ninapopapenda mwenyewe, kwenye laini ya saba, na hapo mteja huwa ameshasahau alichokuja kufuata.

Laini ya saba ilikuwa donda langu. Mji wetu umegawanywa laini tisa za umeme, na maji ya bwawa yakishuka kila laini inazimwa kwa zamu, saa nne kila zamu. Ndiyo mgao huo. Karakana yangu iko laini ya nne, na sisi tulikuwa tunazimiwa mara tatu kwa wiki bila kukosa. Laini ya saba haikuguswa. Huko ndiko wanakokaa wakubwa, wenye kuta ndefu na taa za bustanini zinazowaka mchana kweupe. Nimepiga simu redioni kwa ajili ya laini ya saba mpaka mtangazaji akawa anaijua sauti yangu. Nilikuwa nasema: kama ni shida, iwe shida ya wote. Kama giza ni letu, na wao waonje.

Sasa sikilizeni kichekesho, kama ni kichekesho. Mama yangu mzazi alikuwa anakaa laini ya saba. Baba alikuwa dereva wa mmoja wa wakubwa hao, na alipofariki, bosi wake alimwachia mama kijumba cha vyumba viwili nyuma ya jumba kubwa. Nguzo iliyowapa wao umeme ndiyo hiyo hiyo iliyompa mama.

Na mama aliuhitaji kuliko waziri yeyote. Alipika shuleni miaka thelathini na mmoja, kuni mbichi, mafiga, jiko lenye kidirisha cha kupitisha paka. Watoto walishiba, wakakua, wengine leo ni mainjinia. Moshi wote alibaki nao yeye kifuani. Mwaka juzi hospitali ikampa mashine ya oksijeni ya kukaa nayo nyumbani. Iliwekwa kando ya kitanda, inanguruma mchana na usiku, na mrija wake unamwingia puani. Daktari alituita pembeni akatuambia mashine hiyo ikizimika tuhesabu dakika, tusihesabu saa.

Aliyesema "tutahakikisha, daktari" ni mdogo wangu. Mimi na yeye ni mama mmoja, baba mmoja, lakini mgawanyo haukuwa wa haki: mimi nilipewa mdomo, yeye akapewa akili. Anafanya kazi kwenye chumba cha kuongozea umeme. Yeye ndiye anayepanga ratiba ya mgao. Mji mzima unamwita Bi Giza, na kuna watu wamewahi kumkatalia salamu sokoni kwa sababu televisheni yao ilizimika fainali ikiendelea. Hakuwahi kujibu. Ni mtu wa kusikiliza, na mtu wa kusikiliza ni hatari, hujui lipi amelichukua.

Kila Jumapili tulikutana kwa mama, na kila Jumapili nilimvaa. Nyie watu wa umeme hivi, nyie watu wa umeme vile. Yeye alikuwa anammenyea mama machungwa na kunijibu kwa upole kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mama alicheka mpaka mrija ukamchomoka, akawa anautafuta kwa mkono huku bado anacheka. Alipenda kutusikia tukigombana. Alisema ndipo anapojua wote tupo.

Jumapili moja mdogo wangu hakujibu kwa methali. Aliweka kisu chini akaniuliza: je, mama? Laini ya saba ikiingia kwenye mgao, na mama ataingia. Mimi nilikuwa nimeshapanda moto, siwezi kushuka. Nikasema haki ni haki, hailali kitanda kimoja na upendeleo, wazimeni wote, mama tutamtafutia betri. Mama akaitikia kutoka kitandani, akasema mwanangu kasema kweli, kwani wale wagonjwa wa laini nyingine si mama za watu? Tukahamia mazungumzo mengine. Mimi nilisahau.

Mdogo wangu hakusahau. Nilikuja kujua baadaye kwamba kuanzia wiki ile alianza kuandika. Aliandika kurasa kumi na tatu kueleza kwamba laini zisizozimwa ziwe mbili tu, ya hospitali na ya mitambo ya maji, na kwamba ikiingia laini ya saba, laini zote zitapumua kidogo. Walimcheka kikao cha kwanza. Kikao cha pili walimkemea. Mara mbili kabisa laini ya saba ilitangazwa kwenye ratiba, na mara zote mbili, dakika chache kabla, simu ya mkononi ililia ndani ya chumba cha kuongozea umeme, mtu mkubwa akasema neno, na laini ikatolewa. Mimi nikaenda redioni kucheka. Nilisema hata bwawa likikauka tukaona samaki wanatembea kwa miguu, laini ya saba haitazimwa.

Halafu akaja meneja mpya wa kanda, kijana kidogo, akasoma zile kurasa kumi na tatu zote. Akaweka sahihi. Mdogo wangu akaongeza sharti moja: hakuna anayeingia chumba cha kuongozea umeme na simu yake, zote ziachwe kwenye sanduku mlangoni, ili asiwepo wa kupigiwa na wakubwa. Simu ya mezani itakuwa ofisini kwa meneja peke yake.

Na mama, mdogo wangu alimtengenezea kinga kabla ya kitu kingine chochote. Alinunua betri kubwa na inveta yake, mimi nikachomelea kimeza cha chuma, tukaviweka nyuma ya kitanda. Alikaa na saa mkononi akazima swichi kuu ya nyumba mara tatu, siku tatu tofauti, kupima. Betri ilivumilia saa sita. Mgao ni saa nne. Akamfundisha na Mama Vifungo, fundi cherehani wa jirani aliyekuwa akishinda na mama mchana: umeme ukikatika, bonyeza hapa, basi. Mama Vifungo akasema hata mbuzi angeweza.

Jumapili ile ya mwisho mdogo wangu alituambia laini ya saba itazimwa Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mara hii ratiba imepita. Nilicheka. Nikamwambia wewe mtoto, umekuwa mkubwa bure, hawa watu hawazimiwi. Akasema tutaona, kaka.

Jumanne nilikuwa na geti la mteja aliyekuwa anahamia nyumba yake mwisho wa wiki. Kuchomelea nilishamaliza, imebaki kusaga viungo kwa grenda, na laini ya nne iko gizani. Nikasimama pale mlangoni pa karakana, na akili ikaniambia: betri iko kwa mama, imekaa bure, kwa mama umeme haukatiki. Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikusema "nitaihatarisha". Sikuwaza hatari hata kidogo. Nilijua kwa hakika kabisa, kama ninavyolijua jina langu, kwamba laini ya saba haizimwi. Nikaenda, mama alikuwa amelala, nikambeba yule mnyama kwa pikipiki, yeye na inveta yake. Nilikusudia kuirudisha jioni. Jioni nikachoka. Jumatano mteja akaongeza na vyuma vya madirisha.

Alhamisi saa tatu asubuhi mdogo wangu akanipigia, akiwa mlangoni kazini kwake, kabla hajaweka simu kwenye sanduku.

"Kaka, betri ipo?"

"Ipo."

"Imejaa?"

"Imejaa. Wewe nenda kazini kwako, acha wasiwasi."

Betri ilikuwa miguuni pangu. Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeota sugu. Nilidhani ni uongo mdogo wa kumtuliza mtu. Nilidhani baada ya saa moja simu itapigwa kutoka juu, laini ya saba itatolewa, na jioni nitairudisha betri na yeye hatajua. Nikavaa vizibo vya masikioni, nikawasha grenda.

Simu kutoka juu ilipigwa kweli. Ilipigwa kwa meneja mara tano, na meneja hakuipokea. Saa nne kamili mdogo wangu akaizima laini ya saba kwa mkono wake.

Kwa mama, mashine ilinyamaza, halafu ikaanza kulia ile alamu yake. Mama Vifungo aliinuka bila haraka, akaenda nyuma ya kitanda kubonyeza. Akakuta kimeza cha chuma kitupu na nyaya mbili chini. Akanipigia. Nilikuja kuhesabu baadaye, alinipigia mara kumi na moja. Akampigia mdogo wangu, simu ikawa inalia ndani ya sanduku mlangoni. Akatoka barabarani kutafuta gari, kwenye mtaa ambao kila nyumba ina magari matatu na kila geti limefungwa kwa sababu kengele za mageti nazo ni za umeme. Aligonga mageti kwa jiwe. Aliporudi ndani, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ameshika mrija kwa mikono miwili. Mama Vifungo anasema hakulalamika. Alisema tu, "Watakuwa wanarudisha sasa hivi, mwanangu yupo pale." Akamwegemea begani.

Mimi nilizima grenda yapata saa nne na dakika arobaini, nikachomoa vizibo masikioni, na nikasikia vifijo. Mtaa mzima uko nje. Kinyozi wa jirani anakimbia na taulo shingoni: wamezimwa, laini ya wakubwa imezimwa, mwaka huu kuna mambo. Watu wanapigiana makofi. Mmoja akanikumbatia, akasema Cheche, ni ule mdomo wako, umeshinda. Na mimi, Mungu wangu nisamehe, nilicheka. Nilipiga makofi. Sijui ni muda gani, labda kama wa kuvuta pumzi tatu nne, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Kisha nikatazama chini, nikaiona betri.

Nilifika na pikipiki, betri nimeifunga nyuma kwa mpira. Mama Vifungo alikuwa amekaa sakafuni na kichwa cha mama mapajani, ameshamfunika kwa kanga. Na hapa nitawaambia jambo ambalo ni baya kuliko yote niliyokwisha kusema. Nilipita kando yao, nikaiweka betri juu ya kimeza. Nikaunganisha nyaya. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kazi safi. Mama Vifungo alinitazama mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Hayo ni ya kwenu. Mimi sitii mkono." Ndipo nikapiga magoti, nikalia.

Tulimzika Ijumaa. Mdogo wangu hakulia makaburini. Alikuwa anahesabu. Alirudi nyumbani akakaa nyuma ya kitanda na kalamu na karatasi, anaandika nguvu ya betri, mzigo wa mashine, saa sita, saa nne. Alirudia kupima mara mbili, na kila mara betri ilifanya kazi vizuri, jambo lililomtesa zaidi. Aliniambia hajui kosa liko wapi. Labda waya ulilegea, labda alimfundisha vibaya Mama Vifungo. Alisema amemwua mama kwa karatasi kumi na tatu. Nikamshika bega nikamwambia usiseme hivyo, ni kazi ya Mungu. Mimi huyo. Nilimwambia hivyo huku namtazama usoni.

Siku ya nne meneja akaja kutoa pole. Mtu mwenye heshima zake, alivua viatu mlangoni. Alikuwa na barua. Akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba wakubwa wa laini ya saba wamekwenda kwa wakubwa zaidi, na hoja yao ni mama yetu. Wanasema mama wa ofisa aliyepanga mgao mwenyewe amefariki kwa mgao, sasa ushahidi gani tena unatakiwa? Laini ya saba itolewe kabisa, kwa sababu za utu. Kilichobaki ni sahihi ya aliyeandika pendekezo la kwanza, akubali kwamba alikosea.

Shangazi yetu, aliyekuwa amekaa na sisi tangu msiba, akasema asaini tu, yaishe, maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wangu akaipokea barua. Hakuisoma hata. Akaomba kalamu.

Mimi nimepiga kelele maisha yangu yote, lakini siku ile sauti ilinitoka ndogo.

"Betri haikuwepo."

Mdogo wangu alibaki na kalamu juu ya karatasi, hajageuka.

"Ilikuwa karakana. Niliichukua Jumanne nisagie geti. Niliirudisha mama akiwa ameshakufa. Muulizeni Mama Vifungo."

Mama Vifungo, pale mlangoni, akainamisha kichwa.

"Nilikuuliza," mdogo wangu akasema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza na kama imejaa."

"Ndiyo."

Akageuka sasa. Sikuona hasira usoni kwake, na ningefurahi kuiona. "Kwa nini, kaka?"

"Sikuamini kama mtazima."

"Miaka yote ile unatupigia kelele tuzime."

"Ndiyo. Lakini sikuamini."

Akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na yeye mwenyewe, kwamba kumbe hesabu yake ilikuwa sawa. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipomaliza akafuta uso, akakunja barua mara mbili, akamrudishia meneja mkononi. Akamwambia ratiba ibaki ilivyo, ratiba haina kosa.

Na ikabaki. Jambo lilifika redioni, na mimi mwenyewe nilikwenda nikasema mbele ya kipaza sauti nilichokifanya, ili wasimtumie mama kwa uongo. Siku hizi laini ya saba inazimwa kama laini nyingine, na laini ya nne tumeshuka kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara mbili. Kinyozi ananiambia tumeshinda. Mimi siingii tena kwenye mabishano. Mtu akitaja umeme, nashusha miwani naendelea na kazi.

Mdogo wangu amehamia kwenye kile kijumba cha mama, na Jumapili bado nakwenda. Mwezi wa pili baada ya msiba aliniambia amenisamehe. Alisema hivyo waziwazi, ananitazama, na najua alimaanisha, kwa sababu yeye si mtu wa kusema asichomaanisha. Nilimshukuru. Tukaongea habari za kawaida, bei ya vyuma, goti la shangazi, mvua ambayo imeanza kule juu.

Jumapili iliyopita nilifika mchana, yeye alikuwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo nilimtangulia. Aliponikuta nimekaa sebuleni akavua viatu, akaniuliza kama alivyokuwa akiniuliza mama.

"Umekula?"

"Nimekula."

Na kweli nilikuwa nimekula, nilijipakulia chakula alichokiacha jikoni. Alisimama kidogo, ananitazama. Halafu akaenda jikoni, na mimi pale nilipokaa nikamsikia anafunua sufuria kuangalia.